Kweli au Uongo: Kirusi Kisipoonekana, Kimeondoka?

Kwenye vilima vya chai vya Kericho na Bomet, habari za magonjwa husafiri pamoja na watu: kwenye foleni ya mizani, ndani ya matatu ya Litein, kwenye kituo cha kununulia majani chai, kwenye mnada wa ng'ombe. Mengi yanayosemwa huko ni kweli. Mengine yamewafanya watu waache dawa zilizokuwa zikiwaweka hai, na yamekausha maziwa kwenye mazizi ambayo hayakuwa na sababu ya kukauka.

Nimechukua hapa madai yanayorudiwa sana kuhusu kundi moja tu, yaani virusi vya RNA. Ndivyo vinavyoleta Ukimwi, surua, Ebola, korona, homa ya Bonde la Ufa, na ugonjwa wa miguu na midomo kwa mifugo. Karibu madai yote yanakosea mahali pamoja: yanachanganya dalili kuisha, kipimo kutoona kitu, na kirusi kwenda zake kabisa. Haya ni mambo matatu, na umbali kati yake waweza kuwa miaka.

"RNA ni kitu dhaifu, kirusi chake hakiwezi kukaa mwilini miaka mingi."

Uongo, ingawa nusu ya kwanza ni sahihi. RNA huvunjika upesi, na hata seli zetu wenyewe huitumia na kuitupa ndani ya dakika au saa chache. Lakini kirusi hakihitaji uzi mmoja udumu. Kinahitaji njia ya kuendelea kunakiliwa, na kila kirusi kina yake.

Kirusi cha Ukimwi hugeuza RNA yake kuwa DNA. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwenye maabara yake, na hadi wakati huo wanasayansi wengi waliamini habari za urithi haziwezi kurudi nyuma kutoka RNA kwenda DNA. DNA hiyo mpya hujipachika ndani ya DNA ya seli ya mtu, na tangu hapo seli ikigawanyika inairithisha kama sehemu yake.

Kirusi cha homa ya ini aina ya C hakina ujanja huo. Kinabaki RNA siku zote, hakigusi DNA yetu, na bado wengi wa walioambukizwa hukaa nacho miaka na miaka kwa sababu kinajinakili kwa makosa mengi, hivyo sura yake inabadilika kabla kinga haijaimudu. Na kwa kuwa hakigusi DNA yetu, kinaweza kuondoka: vidonge vya wiki 8 hadi 12 humponya kabisa zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimeza. Hakuna nakala iliyojipachika popote ya kukirudisha. Kwa kirusi cha Ukimwi, nakala hiyo ipo.

"Anayechuma kilo zake kila siku hana virusi."

Uongo, na Kericho ndiko kulikotoa ushahidi.

Mwaka 2003 watafiti wa KEMRI, wakishirikiana na mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani, walipima watu wazima 2,801 wanaoishi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi na jamaa zao. Takriban 14 katika kila 100 walikuwa na VVU, yaani virusi vya Ukimwi. Hawa hawakuwa wagonjwa waliolazwa wodini. Walikuwa watu wa kambi za mashambani, wenye kazi, wenye watoto shuleni.

Utafiti mwingine ulikwenda karibu zaidi. Kericho ilikuwa mojawapo ya vituo vinne, pamoja na Mbeya, Kampala na Pattaya huko Thailand, ambako watu wasio na maambukizi lakini walio katika hatari kubwa walikubali kuchomwa kidole mara mbili kwa wiki. Tone la damu lilipimwa RNA ya kirusi, mtu akaenda zake, akarudi baada ya siku tatu au nne, kidole tena. Lengo lilikuwa kukikamata kirusi kikiingia, kabla mwili haujatengeneza kingamwili ambazo vipimo vya kawaida huzitegemea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Tangu kionekane mara ya kwanza, kirusi hupanda hadi kilele takriban siku ya 13, kikiwa kimefika mamilioni ya nakala katika kila mililita ya damu. Kisha kinashuka, na kufikia takriban siku ya 31 kinatulia kwenye kiwango chake, makumi ya maelfu ya nakala kwa mililita, ambacho mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kujihisi mgonjwa. Na katika dhoruba ile ya wiki za kwanza, wengi walikuwa na dalili moja tu, au hawakuwa na yoyote ya kukumbukwa.

Mwili unapoanza kushindwa, mizani ya shambani huona mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia rekodi za wachumaji wa Kericho ambao baadaye walifariki kwa Ukimwi au kustaafishwa kwa sababu ya afya. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini, walikuwa wakichuma kati ya kilo 4 na karibu 8 pungufu kwa siku kuliko wenzao. Kwa mtu anayelipwa kwa kilo, huo ni unga wa watoto. Wakati huo kirusi kilikuwa kimekaa mwilini miaka kadhaa, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo kilo zilikuwa kamili.

"Karatasi ikiandikwa LDL, nimepona."

Uongo, na kati ya yote ninayoandika hapa, huu ndio ningetaka ufike mbali zaidi.

LDL ndiyo herufi ambazo kliniki zetu huandika maabara isipoona virusi kwenye damu. Ni habari njema, na mtu ana haki ya kutoka hapo akitabasamu. Lakini kipimo kinatafuta virusi vinavyoelea kwenye damu. Hakitafuti seli zilizolala.

Kati ya chembechembe za kinga za CD4 ambazo kirusi huzivamia, chache hurudi kwenye mapumziko zikiwa zimebeba ile DNA iliyopachikwa. Hizi ni seli za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kungoja miaka hadi adui wa zamani arudi. Zikiwa zimelala hazitengenezi virusi, kwa hiyo kinga haizioni, na dawa haina cha kufanya nazo kwa sababu ARV, yaani dawa za Ukimwi, huzuia kirusi kujinakili na kuingia seli mpya. Kisichojinakili hakizuiliki. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti yalionyesha jambo hili karibu kwa wakati mmoja: walichukua damu ya watu ambao kipimo hakikuona chochote, wakaziamsha seli hizo maabara, na virusi vizima vikatoka. Mkulima aliyepogoa chai yake anaelewa mara moja: shamba ni vijiti vitupu, hakuna jani la kupeleka kwenye mizani, na bado hakuna anayesema mchai umekufa.

Hifadhi hiyo ya seli zilizolala hupungua polepole mno. Kwa mtu anayemeza dawa bila kukosa, nusu yake huisha katika takriban miezi 44. Ukipiga hesabu kutoka pale inapoanzia, itachukua zaidi ya miaka 60 kwisha yenyewe, na seli hizo pia huzaana njiani. Watu waliothibitishwa kuondokana na kirusi kabisa ni wachache sana duniani. Wa kwanza alikuwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa Berlin, ambaye alipandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu kutoka kwa mtu ambaye seli zake kirusi hakiwezi kuziingia. Tiba hiyo yenyewe inaweza kuua, na hakuna daktari atakayempa mtu anayeishi vizuri kwa kidonge kimoja kwa siku.

Dawa zikisimama, seli chache huamka, kama zinavyoamka kila siku, ila safari hii hakuna wa kuzizuia. Kwa wengi kirusi kinaonekana tena kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne.

Afrika Mashariki imeliona hili kwa macho. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo. Kikombe kiligharimu shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, na Wakenya walikuwemo. Sitawalaumu waliokwenda. Mtu aliyemeza vidonge miaka mingi akiona aibu dukani na kanisani ana kila sababu ya kutamani siku moja aviweke chini. Lakini wapo waliorudi nyumbani wakaacha ARV, na kilichowadanganya ni kwamba katika wiki ya kwanza, ya pili, hata miezi michache, walijisikia wazima kabisa. Kirusi kilikuwa kimeshapanda. Mwili ulikuwa bado haujasema. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba amepona na LDL mkononi, mwamini kwamba afya yake ni nzuri. Kisha muulize kama dawa za mwezi ujao anazo.

"Kama kirusi bado kimo, basi mwenye LDL bado anaambukiza."

Uongo. Huu umevunja ndoa zisizostahili kuvunjika.

Kirusi kilicholala ndani ya seli ya kumbukumbu hakipandi kitandani. Kinachoambukiza ni virusi vinavyotoka kwenye majimaji ya mwili, na dawa ikifanya kazi hivyo havipo kwa kiasi cha kuambukiza. Utafiti mkubwa wa HPTN 052, ambao Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulifuata wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Kwa wale ambao virusi vilidhibitiwa na kubaki hivyo, hakuna mwenza aliyeambukizwa na mwenzake. Utafiti wa PARTNER huko Ulaya ulifuata wapenzi wanaokutana bila kondomu, makumi ya maelfu ya mara, na idadi ya maambukizi kutoka kwa mwenza mwenye virusi visivyoonekana ilikuwa sufuri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliandika waziwazi kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenza wake kwa ngono.

Kunyonyesha ni hesabu tofauti kidogo: hatari kwa mtoto wa mama mwenye LDL inashuka hadi chini ya asilimia moja, lakini haijathibitishwa kuwa sufuri, na ndiyo sababu mtoto hupewa dawa za kinga na kupimwa kwa ratiba.

"Nikiacha dawa, ni shauri langu peke yangu."

Uongo, na sizungumzii mwenza pekee. Afrika Kusini, mwanamke wa miaka 36 ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa alipata korona. Kwa mtu wa kawaida, korona huondoka ndani ya wiki chache. Kwake ilikaa siku 216, ikizaana na kubadilika ndani ya mwili ambao kinga yake haikuweza kuifukuza, hadi ikawa na zaidi ya mabadiliko 30. Alipohamishiwa dawa zenye dolutegravir, ambazo ndizo Kenya nayo ilianza kuwapa watu wengi kuanzia mwaka 2018, VVU vilishuka na korona ikaondoka. Kirusi kimoja kilichoachwa kitawale kilikuwa kimekipa kingine makao, na kirusi kinachobadilika hivyo kinaweza kuwafikia wengine.

"Ng'ombe akipona miguu na midomo, zizi limesafika."

Uongo kwa karibu nusu ya wanaopona.

Mfugaji wa Sotik au Konoin haambiwi ugonjwa huu unavyoanza. Ng'ombe anajitenga, anatafuna bila kitu kinywani, ute mrefu unaning'inia, na unasikia midomo ikipiga sauti ya kunyonya. Ukimfungua kinywa, ngozi ya ulimi inabanduka mkononi. Anainua mguu mmoja, anauweka, anauinua mwingine. Maziwa yanaporomoka, na ndama anaweza kuanguka ghafla afe, kwa sababu kwa wadogo kirusi hupiga moyo. Watu huosha kinywa na kwato kwa maji ya magadi, na hawakosei: vidonda hukauka, na kirusi hiki hakistahimili ukali wa magadi, kama kisivyostahimili asidi.

Wiki mbili tatu baadaye ng'ombe anakula tena. Ila nyuma ya koo, kwenye utando laini wa juu, kirusi kinaweza kubaki. Huwezi kukiona kwa kuangalia ulimi wala kwa kupima damu kutafuta kirusi. Wanaokitafuta hutumia kikombe kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye mkono mrefu, kinaingizwa hadi kooni, kinakwangua ute na seli, kinavutwa nje. Kirusi kikipatikana baada ya siku 28 tangu maambukizi, mnyama huyo huitwa mbebaji. Kwa ng'ombe hali hiyo imerekodiwa hadi miaka mitatu na nusu, ingawa wengi hukisafisha mapema zaidi. Kwa kondoo na mbuzi ni miezi, hadi tisa hivi. Nguruwe hawabebi kabisa. Chanjo humkinga ng'ombe asiugue na hupunguza virusi anavyomwaga, lakini haimzuii kuwa mbebaji akikutana na ugonjwa.

Je, mbebaji anawaambukiza wenzake? Hapa hofu imezidi ushahidi. Mara nyingi watafiti wamefunga ng'ombe wabebaji zizi moja na ng'ombe safi kwa miezi, na hakuna kilichotokea. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba ute wa koo la mbebaji, ukichukuliwa na kuwekwa kooni mwa ng'ombe safi, unamwambukiza. Kwa hiyo kirusi ni kizima, ila kutoka kooni mwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia ya kawaida ni nadra. Ningemwambia jirani yangu asiuze kwa hasara ng'ombe wa gredi aliyepona na anayekamua vizuri. Hatari kubwa ni yule aliyenunuliwa mnadani Mulot au Ndanai wiki hii, aliyeambukizwa juzi na bado hajatoa ute. Huyo atengwe angalau wiki mbili tatu kabla ya kunywa kwenye hori moja na wengine. Na chanjo irudiwe kila miezi sita, kwa sababu kinga yake ni fupi, na iwe ya aina zinazozunguka Kenya: O, A, SAT1 na SAT2. Kupona aina moja hakumkingi ng'ombe na nyingine, jambo linalowafanya wengi waseme chanjo ni bandia wakati ng'ombe amepatwa na aina ambayo haikuwa ndani ya chupa.

"Mtoto wangu ana malengelenge mdomoni na mikononi, ameyatoa kwenye maziwa ya yule ng'ombe."

Uongo. Ugonjwa wa watoto wa mkono, mguu na mdomo unaletwa na virusi vingine kabisa, pia vya RNA, vinavyopita kati ya watoto wenyewe, na hukaa kwenye choo chao wiki kadhaa baada ya vidonda kupona. Kirusi cha ng'ombe humpata binadamu kwa nadra mno na hakiendelei. Maziwa yachemshwe hata hivyo, kwa sababu ya brusela na kifua kikuu.

"Nyati wa Mara ndio wanaotuletea."

Kweli kwa sehemu. Bomet inapakana na Narok, na maji ya Nyangores yanayopita mjini Bomet ndiyo yanayoishia kuwa Mto Mara. Nyati ni mwenyeji wa asili wa aina za SAT. Nyati mmoja anaweza kukaa na kirusi kooni hadi miaka mitano, na katika kundi lililotengwa na mengine kirusi kimedumu miaka 24. Kila msimu ndama huzaliwa, kingamwili walizopewa na mama huisha, na wanaambukizwa wakiwa wadogo bila hata kuonekana wagonjwa. Uchunguzi wa nyati wa Kruger, Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wabebaji husaidia kuvusha kirusi kutoka msimu mmoja wa kuzaa hadi mwingine.

Lakini aina ya O, ambayo imekuwa ikisumbua Kenya mara nyingi, haimtegemei nyati. Inatembea na ng'ombe kwa lori na kwa miguu, kutoka mnada hadi mnada. Karantini ikitangazwa na watu wakahamisha ng'ombe usiku, nyati hana habari.

"Homa ya Bonde la Ufa hutoka kwenye mvua."

Kweli, karibu kama inavyosemwa. Ugonjwa ulielezwa mwaka 1931 na watafiti Daubney, Hudson na Garnham baada ya kuua kondoo kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Kwa miongo watu walijiuliza kirusi kinakaa wapi miaka yote ya ukame. Kati ya 1982 na 1984 watafiti nchini Kenya walikusanya viluwiluwi wa mbu kwenye mabonde yaliyofurika, wakawakuza maabara hadi wakawa mbu ambao hawajawahi kuuma mnyama yeyote, na wakakuta kirusi ndani yao. Mama alikuwa amekipitisha kwenye yai. Mayai ya mbu hao hukaa kwenye udongo mkavu yakingoja mafuriko, na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha ya 2006 na 2007, yaliyaamsha kwa wingi. Wanyama wanaopona hawahesabiwi kuwa wabebaji wa kudumu. Anayeleta ng'ombe kutoka nyanda za chini wakati wa mvua kubwa ndiye mwenye la kujihadhari, na aliyegusa mimba iliyoharibika kwa mikono mitupu.

"Aliyepona Ebola hawezi kuwa nayo tena."

Uongo kwa baadhi, na jambo hili linahitaji kusemwa bila kumfukuza mtu. Kuna sehemu za mwili ambazo kinga huziingia kwa tahadhari ili isiziharibu: jicho, ubongo, korodani. Ebola inaweza kubaki humo wakati damu iko safi kabisa. Daktari Ian Crozier, aliyewahi kufanya kazi Uganda, aliambukizwa Sierra Leone mwaka 2014. Miezi baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, jicho lake lilivimba, na kirusi kikakutwa kwenye maji ya ndani ya jicho ilhali machozi yake hayakuwa nacho. Februari 2021 mlipuko mdogo ulianza karibu na Butembo, Kivu Kaskazini. Watu 12 waliugua na 6 wakafa, na vinasaba vya kirusi vilionyesha kwamba kilitokana na mlipuko mkubwa wa 2018 hadi 2020, si na maambukizi mapya kutoka kwa popo. Mwaka huohuo huko Guinea kilijitokeza kirusi kilichokuwa karibu sawa na kile cha mlipuko wa 2014 hadi 2016: takriban miaka mitano ndani ya mtu, bila kubadilika sana, kwa sababu hakikuwa kikijinakili kwa kasi.

Matukio haya ni machache mno ukilinganisha na maelfu ya walionusurika. Shahawa za wanaume waliopona hupimwa kila mwezi na wao hupewa kondomu hadi kipimo kitoe majibu safi mara mbili. Kukaa meza moja na aliyepona hakuna neno.

"Basi kila kirusi cha RNA, kikiingia, kimeingia."

Uongo, na hapa ndipo penye matumaini.

Sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na nyati na nyumbu pamoja nao. Ni kirusi cha RNA, ndugu wa karibu wa surua, na kilikuwa na udhaifu mmoja: hakikujua kukaa. Mnyama alikufa, au alipona akiwa na kinga ya maisha yake yote na bila kirusi popote. Hakikuwa na koo la kujificha wala yai la mbu. Kiliishi kwa kuhama tu, kutoka kwa anayeugua kwenda kwa asiye na kinga, na siku asipopatikana mwingine kinaishia hapo.

Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo sindano moja ilitosha maisha. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka Serengeti na Mara, ugonjwa ulitoweka hata kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachanja. Walikuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakapita milioni moja kabla ya muongo uliofuata kwisha. Nyati, ambaye kwa miguu na midomo ni hifadhi, kwa sotoka alikuwa mhanga tu wa ng'ombe. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa Kenya, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui.

Hata miguu na midomo imeanza kupoteza tawi moja. Aina ya C ilithibitishwa mara ya mwisho mwaka 2004, Brazil na Kenya, na tangu wakati huo haijulikani kuonekana tena, pamoja na wabebaji wake wote.

Surua bado ipo. Katika matukio machache sana hubaki ubongoni mwa mtoto na kumrudia baada ya miaka kadhaa kwa ugonjwa usio na tiba, hasa aliyeugua akiwa mdogo sana. Lakini watoto hao hawaambukizi mtu, na hawakiendelezi kirusi. Kinachokiendeleza ni watoto wasio na kinga. Kenya hutoa chanjo yake mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa kufikia wakati huo mama amerudi shambani na kijitabu cha kliniki kimewekwa juu ya kabati. Zahanati huitoa bila malipo, na mtoto aliyepitisha miezi 18 bado anaweza kupelekwa.